Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame: Mchezaji wa Kati na Mchezo wa Chini ya Kikapu

Miongoni mwa wapenzi wa mpira wa vikapu umezuka mgongano mkubwa wa rai kuhusu mchezaji wa kati, yaani yule ambaye aghalabu ndiye mrefu kuliko wenzake wote kikosini. Upande mmoja unashikilia kwamba mchezaji huyo hana budi kujifunza kucheza chini ya kikapu: kupokea mpira karibu na goli akiwa amekipa kikapu kisogo, kumhisi mlinzi kwa mgongo, kumpiga chenga, kugeuka na kufunga. Upande wa pili unadai kwamba stadi hiyo imepitwa na wakati, na kwamba muda wa kuifunza ni heri utumiwe kufunzia mitupo ya mbali. Makala haya yanaunga mkono upande wa kwanza, lakini kwa sababu ambazo si zile zinazotolewa kila siku. Mchezo wa chini ya kikapu ni elimu ya lazima kwa mchezaji wa kati, hususan anayeanzia katika mazingira ya Afrika Mashariki. Haidaiwi kwamba kila mrefu atakuwa mfungaji hodari. Kinachodaiwa ni kwamba asiyeipata elimu hiyo hubaki mtumwa wa kimo chake.

Ili mjadala usielee hewani, ni vyema uwekwe mahali. Kulamawe ni makazi yaliyomo katika Kaunti ya Isiolo nchini Kenya, kwenye barabara itokayo mjini Isiolo kuelekea Garba Tulla na Modogashe. Ni nchi kame ya wafugaji. Lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kiborana, ilhali Kiswahili ni lugha ya darasani, ya sokoni na ya uwanjani. Jina la mahali penyewe ni la Kiswahili, na maana yake haihitaji kamusi. Msomaji na achukulie kwamba mwalimu wa michezo katika shule ya mahali kama hapo amempata mwanafunzi wa Gredi ya 10 aliyewapita wenzake wote kwa kimo. Mwalimu ana mpira mmoja, goli moja na muda usiozidi dakika 60 kila alasiri. Je, amfunze nini kwanza? Hilo ndilo swali halisi lililojificha nyuma ya mjadala wote. Si swali la ligi za Marekani peke yake. Ni swali la kijana mmoja na mustakabali wake.

Ni haki kwanza kuzisikiliza hoja za wapinzani, kwani si hoja dhaifu. Hoja yao ya kwanza inatokana na mabadiliko ya sheria. Mnamo mwaka 2001 ligi ya NBA iliruhusu ulinzi wa kanda, hali iliyowawezesha walinzi wawili au watatu kumzingira mchezaji wa kati hata kabla hajapokea mpira. Tangu hapo timu nyingi zimegundua kwamba mtupo wa alama 3 uliotupwa bila kizuizi una faida kubwa kuliko mtupo mgumu wa alama 2 uliotupwa katikati ya msongamano. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa Brook Lopez. Katika misimu yake 8 ya kwanza alifunga mitupo ya alama 3 mara 3 tu. Katika msimu wa 2016-17 pekee aliifunga mara 134, na kazi yake ikapata uhai mpya.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa inatoka Afrika. Manute Bol, Mdinka aliyekuwa na kimo cha mita 2.31, alianza kucheza NBA mwaka 1985, na ndiye mchezaji anayejulikana kwa kuzuia mitupo mingi kuliko alama alizofunga: mitupo 2,086 dhidi ya alama 1,599. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha ya kila siku, aliteuliwa wa 7 mwaka 2011. Ameitumikia ligi hiyo kwa zaidi ya miaka 10, hasa kama mlinzi na mpokonyaji wa mipira inayorudi kutoka kwenye ubao, na mwaka 2016 alitia saini mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 72. Kwa mujibu wa hoja hii, ikiwa mtu anaweza kufika huko kwa kuzuia na kudaka tu, kuna haja gani ya kumchosha kijana wa Kulamawe kwa chenga za mabega na mizunguko ya nyayo?

Kosa la hoja hii ni kuwatazama waliofika na kuwasahau walioishia njiani. Afrika Mashariki inao mfano wake, na ni mfano unaostahili kutajwa kwa heshima. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na kuanza mpira wa vikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Kimo chake cha mita 2.21 kilimpeleka Marekani, na katika Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa ukuta: katika msimu wa 2008-09 alikuwa na wastani wa mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa kila mchezo, na timu yake ilifika nusu fainali ya taifa. Mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimteua wa pili katika orodha nzima, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry aliyekuwa wa 7. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika hapo kabla yake. Hata hivyo, mapema mwaka 2010 alipelekwa katika ligi ya maendeleo ili akaongeze ujuzi. Alizipitia Houston, Portland na Oklahoma City, na safari yake ya NBA ikakoma mwaka 2014 akiwa na wastani wa takriban alama 2 kwa mchezo. Baadaye aliendelea kucheza katika nchi nyingine, zikiwemo Japani na Taiwan.

Wachambuzi wengi walieleza wakati ule kwamba stadi zake za ushambuliaji hazikuwa zimekomaa. Wapo waliokimbilia kusema kwamba alianza akiwa amechelewa. Maelezo hayo hayatoshi. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, naye alianza mpira wa vikapu akiwa kijana mkubwa. Kabla ya hapo alikuwa mlinda lango wa kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono. Joel Embiid wa Cameroon alicheza voliboli kwanza na kuushika mpira wa vikapu akiwa na umri wa takriban miaka 15. Wote wawili walichelewa kama Thabeet. Olajuwon aliongoza Houston Rockets kutwaa ubingwa mwaka 1994 na 1995, na Embiid akatawazwa mchezaji bora wa NBA mwaka 2023.

Tofauti, basi, haikuwa katika mwaka wa kuanza bali katika kile kilichojengwa kwanza. Olajuwon aliingia uwanjani akiwa na nyayo zilizofunzwa na lango la kandanda, ambako mchezaji hana budi kuinama, kuhama upande hadi upande na kubadili mwelekeo kwa kufumba na kufumbua. Mjini Houston alizipitisha likizo zake akipambana chini ya kikapu na Moses Malone, gwiji aliyekwisha kutwaa tuzo ya mchezaji bora. Embiid naye alipewa kanda za video za Olajuwon, akaziangalia na kuiga. Kwa hakika, elimu ya chini ya kikapu ilipita kutoka mkono hadi mkono: Malone akamfunza Olajuwon kwa kumgonga, na Olajuwon akamfunza Embiid kwa picha tu. Palipokosekana mnyororo huo, kimo kilibaki peke yake.

Isitoshe, hata mashahidi walioletwa na upande wa pili wakihojiwa vizuri hugeuka. Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki dunia mwaka 2024, hukumbukwa kwa kidole chake alichokitikisa kila alipozuia mtupo, na kwa tuzo 4 za mlinzi bora. Wachache hukumbuka kwamba katika msimu wake wa kwanza, 1991-92, alikuwa na wastani wa alama 16.6. Chuoni Georgetown alifunzwa na John Thompson, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji wa kati na msaidizi wa Bill Russell katika timu ya Boston Celtics. Mutombo alikuwa na mtupo wa ndoano, ule wa kuupinda mkono juu ya kichwa cha mlinzi. Hakuwa fundi mkubwa, lakini mlinzi aliyemwacha peke yake chini ya kikapu alijua kwamba angeadhibiwa. Hilo ndilo jambo la msingi.

Hapa ndipo inapofaa kuitazama kwa makini hoja ya mabadiliko ya kisasa. Ni kweli kwamba mchezo wa leo unapenda mitupo ya mbali. Lakini ni mchezo huohuo uliozoesha walinzi kubadilishana watu wanaowalinda. Mara nyingi mchezaji mrefu hujikuta akilindwa na mtu mfupi anayemfikia kifuani. Mrefu huyo akiwa hajui kupokea mpira akiwa amekipa kikapu kisogo, kubadilishana huko hakuna gharama yoyote kwa wapinzani. Wanaweza kumwekea mtu mfupi mchezo mzima. Mwaka 2021, katika nusu fainali ya ukanda wa magharibi wa NBA, Los Angeles Clippers waliwaondoa Utah Jazz kwa michezo 4 dhidi ya 2, kwa kiasi kikubwa kwa kutumia kikosi cha wachezaji wafupi kisichokuwa na mchezaji wa kati wa kawaida. Utah walikuwa na Rudy Gobert, aliyekuwa ametoka kutunukiwa tuzo ya mlinzi bora kwa mara ya 3. Mbali na kuburutwa nje kwenda kulinda watupaji wa mbali, hakuweza kuwatoza wapinzani gharama ya ufupi wao chini ya kikapu. Kimo kisichotozwa gharama ni mzigo kwa mwenyewe.

Kwa upande mwingine yupo Nikola Jokić wa Serbia, aliyeteuliwa wa 41 mwaka 2014, asiyeruka juu wala kukimbia kwa kasi. Amekuwa mchezaji bora wa NBA mwaka 2021, 2022 na 2024, na mwaka 2023 akaiongoza Denver Nuggets kutwaa ubingwa. Jokić hutupa mipira ya mbali, naam. Lakini chanzo cha hatari yake ni kwamba akisimama chini ya kikapu na mpira mkononi, mlinzi mmoja hamtoshi. Wakija wawili, mmoja wa wenzake amebaki peke yake, naye mpira humfikia. Kwa mantiki hii, mchezo wa chini ya kikapu na mtupo wa mbali si mahasimu. Ule wa kwanza ndio unaoufungulia njia wa pili. Anayeuhesabu kwa alama za mchezaji mmoja tu amehesabu nusu ya faida yake.

Yafaa pia kukumbuka kwamba sheria za mchezo huu zimebadilishwa mara nyingi kwa sababu ya warefu, na kila mara mwenye ujuzi ndiye aliyenusurika. Mwaka 1951 eneo la mbele ya kikapu lilipanuliwa katika NBA kutoka futi 6 hadi futi 12 kwa sababu ya George Mikan. Mwaka 1964 likapanuliwa tena hadi futi 16, enzi za Wilt Chamberlain. Mwaka 1967 vyuo vya Marekani vilipiga marufuku kuupachika mpira kikapuni kwa kuusukumiza kutoka juu, marufuku iliyodumu hadi 1976. Aliyelengwa hasa alikuwa kijana wa chuo cha UCLA aliyeitwa Lew Alcindor, ambaye baadaye alijulikana kama Kareem Abdul-Jabbar. Alipofungiwa mlango wa kimo, alifungua wa ufundi: akaunoa mtupo wake wa ndoano, na hatimaye akakusanya alama 38,387, kiwango ambacho hakikupitwa hadi mwaka 2023. Sheria huweza kukinyang'anya kimo faida yake kwa siku moja. Haiwezi kuzinyang'anya nyayo kile zilichojifunza.

Baada ya kuzunguka huko kote, na ajongelewe tena mwalimu wa Kulamawe, kwani mazingira yake yanaongeza uzito wa hoja. Kwanza, mwanafunzi wake hatacheza kwa kanuni za NBA bali za FIBA. Katika NBA mlinzi hawezi kusimama mbele ya kikapu kwa zaidi ya sekunde 3 bila kumlinda mtu aliye karibu naye. Katika kanuni za FIBA hakuna katazo hilo. Mlinzi mrefu anaweza kuegesha mwili wake chini ya goli mchezo mzima. Kwa hiyo mshambuliaji wa kati asiyejua kuusoma msongamano, kuusubiri msaada uje na kuutoa mpira kwa wakati, atakuwa amesimama tu. Vilevile, chini ya kanuni za FIBA, mpira uliotupwa ukishagusa pete mchezaji yeyote anaruhusiwa kuupiga au kuudaka, hata ukiwa juu ya kikapu. Aliyejifunza kushika nafasi yake chini ya goli kwa miguu na makalio, si kwa mikono tu, huvuna mipira mingi hapo.

Pili, ipo hoja ya ardhi na upepo. Mtupo wa mbali hudai uwanja ulio sawa, mpira uliojaa vizuri na hewa tulivu. Tangu mwaka 2010 mstari wa alama 3 wa FIBA uko mita 6.75 kutoka kikapuni, na katika nyanda kame uwanja, pale unapopatikana, aghalabu huwa wa nje, wa udongo au wa saruji, wenye vumbi na upepo. Kudundisha mpira kwenye udongo wenye changarawe ni bahati nasibu. Lakini kugeuka kwa mguu wa mhimili, kupiga chenga ya bega, kutupa kwa mkono wa kulia na wa kushoto kutoka hatua mbili, kuinama na kukipa kikapu kisogo, yote haya huhitaji goli moja na kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa chumba. Yanaweza kufanyiwa mazoezi hata bila mpira. Ni elimu ya bei nafuu kuliko zote katika mchezo huu, na inashangaza kwamba ndiyo inayonyimwa wale wasiokuwa na uwezo wa kupata nyingine.

Tatu, timu ya shule haina anasa ya kumweka mtu wa kuzuia tu. Mlinzi wa aina ya Biyombo hufaa katika timu yenye watupaji wanne waliofunzwa kikamilifu. Katika timu ambayo watupaji bado wanajifunza, mrefu asiyeweza kufunga wala kutoa pasi kutoka chini ya kikapu huwaacha wenzake 4 wakipambana na wapinzani 5. Ndipo huanza kulaumiwa, ndipo huambiwa kwamba hana kipaji, na ndipo huuacha mchezo. Vipaji vingi virefu hupotea kwa namna hii: vimewekwa chini ya goli, vimeambiwa vinyooshe mikono, na havikufunzwa kitu kingine.

Kenya imekwisha kuonja pande zote mbili za jambo hili. Ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika jijini Nairobi mwaka 1993 ilimaliza ya 4, kisha ikakaa miaka 28 bila kufuzu. Iliporudi mwaka 2021 jijini Kigali, safari yake ilikatizwa na Sudan Kusini, nchi ambayo miaka mitatu baadaye ilishiriki Michezo ya Olimpiki mjini Paris. Katika kikosi hicho cha Olimpiki alikuwemo Khaman Maluach, kijana mrefu aliyekulia Uganda na kuanza mchezo huu huko kabla ya kujiunga na akademia nchini Senegali. Mwaka 2025 aliteuliwa wa 10 na kuelekea Phoenix Suns. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba warefu wa ukanda huu hawaonekani. Wanaonekana. Swali ni watakuwa na nini mkononi watakapoonekana.

Lipo jukumu moja ambalo haliwezi kuachiwa makocha peke yao, nalo ni la lugha. Kandanda ilipata istilahi zake za Kiswahili kupitia watangazaji wa redio, na leo mtoto yeyote hutamka mlinda lango, kiungo na mkwaju wa penalti bila kusita. Mpira wa vikapu haukubahatika vivyo hivyo. Mwalimu wa Kulamawe akitaka kumweleza mwanafunzi nini cha kufanya akiwa amekipa kikapu kisogo, humlazimu ama kuazima maneno asiyoyaelewa mwanafunzi au kuonyesha kwa ishara. Ujuzi usio na jina hufundishika kwa shida. Ilhali maneno yapo: chenga, mhimili, ndoano, kisogo, kuegemea, kugeuka. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, kikiwemo CHAWAKAMA, vina nafasi nzuri ya kuyakusanya, kuyasanifu na kuyapeleka viwanjani, hasa wakati huu ambapo mtaala wa umilisi nchini Kenya umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu.

Hapana budi kukiri kwamba mchezo wa chini ya kikapu peke yake hautoshi. Mchezaji wa kati wa leo atahitaji pia kutupa kutoka mbali, kukimbia na kulinda nje. Lakini mambo hayo yana mpangilio wake, kama vile mwanafunzi aanzavyo kwa herufi kabla ya insha. Nyayo kwanza, mikono miwili baadaye, kisha macho ya kuwaona wenzake, na hatimaye umbali. Anayeanza na umbali hujenga paa kabla ya nguzo.

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa mchezaji mrefu kauli hiyo si fumbo. Ni maelekezo ya zoezi la kwanza. Mwalimu wa Kulamawe na amwambie mwanafunzi wake akunje magoti, akipe kikapu kisogo na aombe mpira. Mengine yatafuata.